Mtoto Anayetabasamu Huenda Haoni

Kwa desturi ya Wachagga, mwanamke aliyejifungua hutunzwa ndani kwa takriban miezi mitatu. Mama mzazi au mama mkwe humpikia mtori, humkanda, humpokea mtoto kila anapolia, na humzuia asishike jembe wala kubeba ndoo. Siku hizi wengi hawaikamilishi miezi hiyo, hasa walioajiriwa au wenye biashara mjini Moshi. Hata hivyo kiini cha desturi hii kingalipo Marangu, Machame, Kibosho, Uru na Rombo, na kina hekima kubwa. Mama hupata nafuu, maziwa hutoka vizuri, na mtoto huizoea mikono michache anayoweza kuitegemea.

Miezi hiyo mitatu ndiyo pia miezi ambayo ubongo wa mtoto hufanya kazi isiyorudiwa kikamilifu wakati mwingine wowote wa maisha yake: hujifunza kuona.

Wengi hudhani kwamba kuona hakufundishwi. Jicho likiwa zima, mtoto ataona tu. Jicho, kwa hakika, hupokea mwanga na kuugeuza kuwa taarifa zinazosafiri kwenye mshipa wa fahamu. Anayeona ni ubongo, hususani eneo lililo nyuma ya kichwa, upande wa kisogo. Mtoto anapozaliwa, seli za eneo hilo karibu zote zipo, lakini miunganiko baina yake ni michache. Huongezeka kwa kasi kubwa kati ya mwezi wa pili na wa nne, hufikia kilele karibu na mwezi wa nane, kisha ile isiyotumika huanza kuondolewa, kama mkulima anavyopogoa mibuni kihambani ili matawi yenye kuzaa yapate nguvu. Tofauti ni kwamba katika ubongo hakuna mkulima anayechagua tawi. Kinachochagua ni matumizi: njia inayopitisha picha hubaki, na njia isiyopitisha picha hupogolewa, hata kama kosa lilikuwa la jicho na si la ubongo.

Ni nini basi anachokiona mtoto wa siku moja? Si giza, kama wanavyoamini baadhi ya watu. Huona kwa ukungu, na huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, ambao ndio umbali kati ya titi na uso wa mama. Mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Fantz, ndiye aliyewapa watafiti njia rahisi ya kuuliza swali hili kwa kiumbe asiyeweza kusema. Alimlaza mtoto chali ndani ya kisanduku, akaweka picha mbili juu yake, kisha akachungulia katika tundu dogo kuona ni picha ipi iliyoakisiwa kwenye mboni. Mwaka 1963 alionyesha kwamba hata watoto wasiofikisha siku tano walitazama vitu vyenye michoro kwa muda mrefu kuliko vibao vya rangi moja. Mistari, kingo, na mahali ambapo weusi hukutana na weupe ndivyo vinavyomvuta. Nywele za mama zinapokutana na paji la uso, na macho yake yanapotulia usoni, mtoto ana picha iliyotosha kabisa kumshughulisha.

Mwaka 1975 watafiti wengine wa Marekani waliwaonyesha watoto waliokuwa na dakika chache tu tangu kuzaliwa kibao chenye mchoro wa uso wa mtu, na kingine chenye macho na mdomo vilivyopangwa ovyo. Kibao cha uso ndicho walichokifuata mbali zaidi kwa macho na kichwa. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba sehemu za chini za ubongo, zilizo kongwe zaidi, huzaliwa zikiwa na mwelekeo wa kutafuta umbo la uso. Hazimtambui mtu, humgeuza tu mtoto upande wa watu. Kwa kumgeuza huko, gamba la ubongo ambalo bado ni changa hupata somo lake mara nyingi kwa siku, na kufikia mwezi wa pili ndilo linaloanza kushika usukani wa macho. Hapo mzazi huona mabadiliko: mtoto anakaza macho, anafuata uso unaosogea, na kati ya wiki ya sita na ya nane anatabasamu kwa kujibu.

Mengine hufuata kwa mpangilio ambao akina mama wengi wanaujua bila kufundishwa. Kwenye mwezi wa nne au wa tano mkono huanza kukifikia kile jicho lilichokitaka. Kwenye mwezi wa tisa hivi, mtoto aliyekuwa akibebwa na kila jirani huanza kulia akimwona mgeni, na bibi aliyetoka safari ya mbali huvunjika moyo bila sababu, kwani kilio hicho ni dalili kwamba ubongo umejua kutenganisha nyuso. Kuhusu vitu, Jean Piaget wa Uswisi alifundisha kwamba kabla ya mwezi wa nane kitu kilichofichwa huwa kimekwisha kabisa akilini mwa mtoto. Majaribio ya miaka ya 1980 yaliyopima muda ambao mtoto hutazama jambo lisilowezekana yalionyesha kwamba mtoto wa miezi mitano huonekana kushangaa kitu kigumu kinapoelekea kupita katikati ya kitu kingine. Mkono unachelewa kuliko akili.

Ubongo hujifunza kile unachopewa, wala haukopeshi. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2002 uliwaonyesha watoto nyuso za kima. Wale wa miezi sita waliweza kumtofautisha kima mmoja na mwingine kama walivyotofautisha watu. Wale wa miezi tisa walishindwa, kama wanavyoshindwa watu wazima. Kwa kuwa hakuna aliyewahitaji kuwajua kima, uwezo ule ulipogolewa.

Afrika Mashariki ina nafasi yake ya heshima katika elimu hii. Mary Ainsworth, aliyekuja kuwa maarufu duniani kwa nadharia ya uhusiano wa mtoto na mlezi, alianza kazi hiyo nchini Uganda mwaka 1954, akizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala. Aliona jinsi mtoto anavyomtumia mama kama kituo cha usalama: hutambaa kwenda kuchunguza kitu, hugeuka kuhakikisha mama yupo, kisha huendelea. Baadaye Robert LeVine na wenzake, waliofanya utafiti miongoni mwa Wagusii wa magharibi mwa Kenya, walieleza jambo lililowashangaza Wamarekani. Mama wa Kigusii hakuwa na mazoea ya kumkazia mtoto macho wala kuzungumza naye uso kwa uso kwa muda mrefu, lakini mtoto alipolia alichukuliwa na kutulizwa upesi kuliko mtoto wa Marekani. Watoto hao walikua vizuri na kushikamana na mama zao.

Katika matokeo haya ya Wagusii mna faraja, na mna tahadhari ambayo mara chache husemwa.

Faraja ni kwamba uhusiano wa mtoto na watu haupiti mlango mmoja. Mtoto mchanga huijua sauti ya mama yake tangu tumboni; jaribio la mwaka 1980 lilionyesha kwamba mtoto wa siku chache hubadilisha jinsi anavyonyonya ili aendelee kuisikia sauti hiyo badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Huijua harufu ya titi. Mgongoni, ndani ya kanga, huujua mwendo na joto la mwili. Tahadhari ni kwamba milango hii mingine inaweza kuuficha ule uliofungwa. Selma Fraiberg, aliyewafuatilia watoto vipofu nchini Marekani, aligundua kwamba nao hutabasamu wanaposikia sauti ya mama, kwa umri uleule ambao wengine hutabasamu. Mama anayeinama na kusema, "Mwanangu, umeamka?" akapata tabasamu, hana sababu ya kushuku chochote. Mtoto amejibu. Lakini amejibu sauti, na pengine upepo wa pumzi usoni mwake. Aliyembeba mgongoni naye anamhisi mtoto wake kwa kila namna isipokuwa moja: hayaoni macho yake.

Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili anaweza kupita miezi kadhaa mikononi mwa watu wanaompenda, wenye macho mazuri na nia njema, bila mtu kujua.

Mtoto wa jicho hujulikana zaidi kama ugonjwa wa wazee, na jina lenyewe huleta mkanganyiko likitajwa kwa mtoto mchanga. Ni ukungu katika lenzi, ile sehemu angavu iliyo nyuma ya mboni. Kwa watoto chanzo chaweza kuwa cha kurithi, chaweza kuwa rubela iliyompata mama katika miezi ya mwanzo ya ujauzito, na mara nyingi chanzo hakipatikani. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya surua na rubela kwa pamoja mwaka 2014, hatua ambayo inakinga macho ya watoto ambao hawajatungwa bado.

Kwa mzee mwenye ugonjwa huu, kuchelewa kufanyiwa upasuaji ni usumbufu. Ubongo wake ulikwisha kujifunza kuona miaka sitini iliyopita. Lenzi ikibadilishwa hata baada ya miaka mitano ya ukungu, picha itaikuta nyumba yake ikiwa imara. Kwa mtoto wa wiki kumi hesabu ni nyingine. David Hubel na Torsten Wiesel, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1981, waliwafunga paka wachanga jicho moja kwa wiki kadhaa. Lilipofunguliwa, jicho lilikuwa zima lakini ubongo haukulitumia tena. Seli zilizopaswa kulihudumia zilikwisha kulihamia jicho la pili. Paka mkubwa alipofungwa jicho kwa muda mrefu kuliko huo, hakupoteza kitu. Methali ya samaki kukunjwa angali mbichi hutumiwa kwa malezi ya tabia. Katika eneo la kuona la ubongo ina ukweli wa kibiolojia.

Kwa binadamu ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka Canada. Daphne Maurer na wenzake waliwapima watu waliozaliwa na mtoto wa jicho, wakafanyiwa upasuaji wakiwa na umri wa kati ya miezi miwili na sita, kisha wakaishi wakiona kwa zaidi ya miaka tisa. Kwa vipimo vingi walifanya vizuri. Waliweza kutofautisha nyuso zenye macho au midomo ya maumbo tofauti. Walishindwa pale ambapo nyuso zilitofautiana kwa nafasi tu: macho yaliyosogeleana kidogo, mdomo ulioshuka kidogo. Huo ndio ustadi ambao mtu huutumia kumtambua ndugu yake katikati ya watu sokoni. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2001. Miaka miwili baadaye kundi hilo likaonyesha kwamba waliokuwa wamezibwa jicho la kushoto tu walipata upungufu huo, na waliozibwa la kulia hawakuupata, kwa kuwa katika uchanga jicho la kushoto hulisha zaidi nusu ya kulia ya ubongo, ambayo ndiyo hubobea katika kutambua nyuso. Miezi michache ya ukungu, katika umri ambao hakuna atakayeukumbuka, ilikuwa imeacha alama isiyofutwa na miaka tisa ya mwanga.

Ndiyo maana wataalamu hulenga upasuaji wa jicho moja lenye mtoto wa jicho ufanyike mtoto akiwa na wiki nne hadi sita, na wa macho yote mawili kabla ya wiki ya nane hadi ya kumi. Si busara pia kukimbilia wiki ya kwanza, kwani upasuaji wa mapema mno huongeza hatari ya presha ya jicho. Ikipita miezi mitatu, macho ya mtoto huweza kuanza kuchezacheza bila kutulia, na dalili hiyo huwaambia madaktari kwamba ubongo umeanza kukata tamaa.

Hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni miongoni mwa hospitali chache nchini zenye uwezo wa kumpasua macho mtoto mdogo, kwa kuwa kazi hiyo huhitaji dawa ya usingizi ya kitaalamu na si daktari wa macho peke yake. Utafiti uliohusu watoto waliopasuliwa nchini na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kati ya siku ambayo mzazi alitambua tatizo na siku aliyofika hospitali, muda uliopita kwa wengi haukuhesabiwa kwa wiki. Ulihesabiwa kwa miezi, na mara nyingi kwa miaka. Umbali kutoka hospitali ulichangia. Anayefahamu nauli ya kutoka Tarakea au vijiji vya nyuma ya mlima hatashangaa. Lakini wapo pia wazazi walioambiwa na mtu wa karibu, na wakati mwingine na mhudumu wa afya, wasubiri mtoto akue kwanza. Ushauri huo, unaotolewa kwa huruma, ndio wenye madhara kuliko yote.

Ratiba ya chanjo nchini humleta mtoto kliniki akiwa na wiki sita, kisha wiki kumi na kumi na nne. Wiki ya sita imeangukia mahali pazuri mno. Hata mama anayefuata desturi ya kukaa ndani hutoka siku hiyo. Mtoto tayari anapaswa kukaza macho, na dirisha la upasuaji liko wazi. Dakika mbili za ziada zinatosha.

Dakika ya kwanza ni ya uso ulionyamaza. Mtoto akiwa macho, ameshiba na ametulia, mhudumu au mama huuleta uso wake umbali wa sentimita 30 hivi, bila kusema, bila kupuliza, bila kumgusa. Akisubiri kidogo macho ya mtoto yatue, ausogeze uso polepole upande mmoja. Mtoto wa wiki sita hadi nane aghalabu hufuata, hata kama ni kwa kusitasita. Akisinzia au akilia, jaribio halihesabiki, lirudiwe baadaye. Asipofuata akiwa ametulia, basi tabasamu alilolitoa aliposemeshwa lisimtulize mtu.

Dakika ya pili ni ya mwanga. Katika chumba chenye giza kiasi, mwanga unaoelekezwa kwenye mboni na kutazamwa kwa kifaa maalumu hurudi ukiwa na rangi nyekundu au ya machungwa. Kwa watoto wetu rangi hiyo mara nyingi huwa hafifu, kwa hiyo jambo la kutazama zaidi ni kama macho mawili yanafanana. Weupe, giza au tofauti kati ya jicho na jicho ni sababu ya rufaa ya haraka, kwa sababu weupe huo waweza kuwa mtoto wa jicho na waweza pia kuwa saratani ya jicho, ambayo huchukua uhai. Watafiti wa KCMC na washirika wao walijaribu vifaa vya aina hii katika kliniki za mama na mtoto mkoani Kilimanjaro, kikiwamo kidude kidogo kiitwacho Arclight kinachochajiwa kwa jua, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba vinaweza kubaini ukungu kwa usahihi mkubwa, na kwamba wauguzi wa kliniki wanaweza kuvitumia.

Upasuaji wenyewe ni mwanzo tu. Mtoto aliyeondolewa lenzi anahitaji miwani au lenzi ya bandia, na mara nyingi huzibwa jicho zuri kwa saa kadhaa kila siku ili ubongo ulazimike kulitumia lile dhaifu. Miwani kwenye uso wa mtoto wa miezi minne huwashangaza majirani, na mama anayeizoea haraka ndiye ambaye mtoto wake huona vizuri. Wengi wamepotea baada ya upasuaji kwa kukosa nauli au kwa kuamini kwamba kazi imekwisha. Huko Moshi ilionekana kwamba kuwapo kwa mratibu anayewapigia simu wazazi, kuwakumbusha tarehe na kuwasaidia nauli, kuliongeza sana idadi ya waliorudi. Simu moja ilifanya kazi ambayo ujuzi wa mpasuaji haukuiweza.

Mzazi aliyechelewa naye asirudishwe nyumbani. Kazi ya Pawan Sinha nchini India, iliyowapa upasuaji watoto waliokaa vipofu kwa miaka mingi, imeonyesha kwamba hata hao hupata uwezo wa kuona wenye manufaa, ingawa ukali wa macho hubaki mdogo. Wengi wao mwanzoni walishindwa kujua kitu kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi mpaka vitu hivyo viliposogea.

Kuna kundi jingine linalosahaulika. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa anaweza kuwa na macho safi na mwanga unaorudi vizuri, lakini asikaze macho usoni mwa mtu. Kwake jicho linapeleka picha na ubongo ulioumia hauipokei. Hafai upasuaji, na hafai kuachwa. Vitu vichache, vyenye rangi kali, vikisogezwa polepole mbele ya kitambaa cheusi, na muda mrefu wa kusubiri jibu lake, humsaidia, kwa sababu baadhi ya watoto hawa huendelea kupata nafuu ya kuona kwa miezi na miaka. Mama yake aelezwe kwamba mtoto hajamkataa.

Mhudumu wa zahanati anayemshuku mtoto wa wiki sita hana haja ya kuwa na uhakika ili aandike rufaa, na mzazi hana haja ya kungoja chanjo za wiki ya kumi na kumi na nne zimalizike kijijini kwanza. Chanjo hizo hutolewa katika kliniki yoyote, Moshi mjini ikiwamo, ilimradi kadi ya mtoto imebebwa.